Holmes Akihamia Kampala: Abebe Nini, Aache Nini

"Nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Jinja na nina klabu ya maigizo. Tuliangalia Sherlock ya BBC kwenye flashi, wanafunzi wakapagawa, nami nikaandika tamthilia ya video ya sehemu nne. Holmes wangu anaishi Kamwokya, ana simu janja, anapanda boda na amevaa koti refu jeusi. Nimeambatanisha sehemu ya kwanza. Nilipowasomea wenzangu walisema ni Mzungu yule yule, nimembadilishia mtaa tu. Mmoja akasema kumgeuza mhusika wa kitabu ni kukiharibu kitabu. Mwingine akasema Waingereza watanishtaki. Na mimi mwenyewe nimekwama: siku hizi kuna simu na kamera kila mahali, mpelelezi abaki na kazi gani? Watson je, naweza kumfanya mwanamke? Nisaidie."

Mwalimu, wenzako waliosema umebadilisha mtaa tu wameona jambo la kweli, ingawa hawakukupa dawa yake. Aliyesema unaharibu kitabu amekosea. Anayekutisha na mahakama amekosea nusu, na ile nusu aliyopatia inaweza kukugharimu, kwa hiyo nitaifikia. Nianze na hili la kuharibu, maana ukilibeba moyoni utarudi nyuma kila unapotaka kugusa kitu.

Sherlock Holmes, mpelelezi aliyebuniwa na Arthur Conan Doyle pamoja na rafiki yake msimulizi, Daktari Watson, hakuandikwa kama mtu wa kale. A Study in Scarlet, hadithi yake ya kwanza, ilipotoka mwaka 1887, alikuwa kijana wa siku hizo hizo. Anatuma telegramu kwa kuwa ndiyo njia ya haraka kuliko zote, anategemea ratiba ya treni, anaweka tangazo gazetini ili amnase mtu, anachemsha dawa maabara atambue doa la damu. Msomaji wa London alikuwa akisoma mitaa aliyoipita mwenyewe asubuhi ile. Hata filamu zilimhamisha zamani: kati ya zile 14 alizoigiza Basil Rathbone kuanzia 1939 hadi 1946, mbili za mwanzo tu ndizo zinazokaa katika enzi ya Malkia Victoria, na 12 zilizobaki zinamweka katika miaka ya 1940 yenyewe. Mengi ambayo watu huyatetea kuwa ni "kitabu" hayakutoka kitabuni. Ile kofia ya kiwindaji imetoka kwenye michoro ya Sidney Paget zaidi kuliko kwenye maandishi, na usemi maarufu unaomalizia kwa "mpendwa wangu Watson" haumo, kama watu wanavyousema, katika hadithi yoyote kati ya zote 60.

Kiswahili chenyewe kimekwisha kuifanya kazi unayoihangaikia. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimchukua mpelelezi wa aina hii, akampa kiko, akampa rafiki aitwaye Najum wa kushangaa na kuuliza maswali, akamwita Bwana Msa. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la 1957-58 na ikachapishwa 1960. Kitafute kabla hujaandika mstari mwingine. Angalia jinsi Bwana Msa anavyoagana na kukaribishana na watu, na jinsi siri ilivyojengwa juu ya mizimu, urithi na ukoo, mambo ambayo Baker Street, mtaa wa Holmes kule London, haiyajui.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wa rasimu yako. Umehamisha vitu. Koti limekuja, simu imekuja, maneno ya haraka haraka yamekuja. Kilichobaki London ni kazi ambayo kila kitu kilikuwa kinaifanya ndani ya hadithi. Waandishi wa BBC, Steven Moffat na Mark Gatiss, walifaulu mwaka 2010 kwa sababu walijiuliza kila kitu cha zamani kilikuwa na kazi gani, kisha wakatafuta kitu cha leo chenye kazi ile ile. Kiko kilikuwa kipimo cha ugumu wa fumbo: katika hadithi moja ya 1891 Holmes anasema tatizo lile litahitaji viko vitatu. London ya leo haimruhusu mtu kuvuta ovyo ndani ya majengo, basi wakambandika vibandiko vitatu vya nikotini mkononi. Shajara ya Watson ikawa blogu. Watoto wa mitaani waliokuwa macho ya Holmes wakawa watu wasio na makazi.

Nikuonyeshe moja kwa karibu, kwa sababu ndiyo uliyoikosea. Katika The Sign of Four ya 1890, Watson anampa Holmes saa ya mfukoni ili amjaribu. Holmes anaigeuza, anaifungua nyuma, anaitazama kwa kioo cha kukuzia. Herufi H.W. zilizochorwa zinaonyesha ilikuwa ya baba, kisha ikarithiwa na kaka mkubwa. Mifuniko imebonyea, maana ilikuwa ikiwekwa mfuko mmoja na sarafu na funguo, kwa hiyo mwenyewe alikuwa mzembe. Ndani kuna namba nne zilizokwaruzwa kwa ncha ya pini na wakopeshaji wanaoshika mali kwa rehani. Basi aliishiwa mara nyingi, na mara nyingi akapata pesa za kuikomboa. Kuzunguka tundu la ufunguo kuna mikwaruzo mingi sana: mkono wa mlevi unaotafuta tundu usiku. Holmes anamaliza kwa kusema kaka huyo alikunywa hadi akafa. Watson anasimama kwa uchungu, anachechemea chumba kizima, maana yote ni kweli na ni aibu ya nyumbani kwao.

BBC waliigeuza saa kuwa simu. Mikwaruzo ikahamia kwenye tundu la chaji, jina la Harry likachorwa nyuma, na Holmes akasema ni kaka mlevi. Kumbe Harry ni kifupi cha Harriet, dada. Kosa hilo dogo ndilo jipya lao, na ni zuri sana. Wewe umelichukua kama lilivyo: simu, tundu la chaji, "kaka" anayegeuka dada. Hapo ndipo wenzako waliposikia harufu ya Mzungu, na hapo ndipo hata mwanasheria angekuinulia nyusi.

Rudi kwenye saa, uulize kazi yake. Ni kitu cha thamani kinachopita kutoka mkono wa ndugu mmoja kwenda kwa mwingine, kinachowekwa rehani pesa zikikatika, chenye tundu la ufunguo. Hapa Uganda kitu hicho kinapita mbele ya geti la shule yako kila dakika. Ni pikipiki.

Watson wako afike na Bajaj Boxer ya marehemu kaka yake. Holmes aombe kadi yake. Jina la mmiliki ni la ukoo mmoja na Watson, jina la kwanza tofauti, mwaka wa usajili wa zamani: imerithiwa. Kwenye kona ya juu ya kadi kuna jozi nne za vitundu vya stepla. Kila mara kadi ilibanwa kwenye karatasi ya mkopo ikakaa kwa mkopeshaji, na kila mara deni likalipwa, pini ikang'olewa. Mara nne alizama, mara nne akaibuka. Kisha Holmes ainame kwenye tundu la ufunguo.

Kuwa mwangalifu hapo. Mtazamaji wa kwanza kukupinga atakuwa mwendesha boda, na atakuwa na haki. Pikipiki nyingi zina mikwaruzo kwenye tundu kwa sababu rundo la funguo hucheza njia nzima kwenye barabara mbovu. Mikwaruzo ya rundo linaloning'inia hukaa chini ya tundu, nayo imepinda kama upinde, mstari juu ya mstari. Ya mkono unaokosea ni mifupi, imenyooka, inatoka pande zote kuelekea tundu. Mfanye afisa wa CID, idara ya upelelezi ya polisi, aseme hilo la rundo la funguo kwa sauti ya ushindi, kisha Holmes amwonyeshe zote mbili kwenye chuma kimoja: upinde wa mchana, vistari vya usiku. Mtazamaji ameziona kwenye picha kabla hajaambiwa, kwa hiyo hakudanganywa. Halafu usikimbie. Mpe Watson muda wa kuumia. Katika kitabu Holmes anaomba radhi. BBC wanamfanya Watson asifu. Kwetu, mtu aliyetajiwa ulevi wa marehemu mbele ya afisa wa polisi hawezi kusifu, na kimya chake ndicho kitakachowaunganisha hao wawili.

Jambo la pili ni lugha, na hapa wewe mwalimu wa Kiswahili una utajiri ambao BBC hawana. Katika A Study in Scarlet ukutani kuna neno RACHE lililoandikwa kwa damu. Polisi wanadhani mtu alitaka kuandika Rachel akakatizwa. Holmes anasema Rache ni Kijerumani, maana yake kisasi, halafu anaongeza kwamba aliyeandika si Mjerumani, kwa jinsi alivyoichora herufi A. BBC wakapindua: safari hii mtu wa polisi ndiye anayejidai na Kijerumani, na jibu la kweli ni Rachel. Walioijua hadithi ya zamani walidhani wameshapata, wakapitwa.

Kwenye rasimu umeacha RACHE ile ile, na hakuna mtazamaji wa Jinja atakayepata joto kwa Kijerumani. Weka TTAKA. Mtu amekutwa amekufa, ukutani kuna herufi tano za mkaa. Afisa wa CID aliyezoea Kiswahili cha kambini anasoma "taka", anapeleka vijana wakachimbue jalala. Holmes anatazama T mbili. Kiswahili hakiandiki T mbili mfululizo, Luganda huandika. Ettaka ni ardhi. Sasa kesi imehama kutoka jalalani hadi kwenye mgogoro wa kibanja, kipande cha ardhi mtu anachokalia, na kila Mganda aliyekaa mbele ya skrini ameshashika kichwa. Ukitaka hatua ya pili kama ile ya herufi A, unayo: Mganda anayeandika neno peke yake huanza na irabu yake, ettaka, na ukutani hapana hata alama ya E. Aliyeandika anaijua Luganda ya kamusi, mahali ambapo neno hupangwa kwa shina lake. Amepandikiza ushahidi. Kidokezo kimegeuka mara mbili, na wanafunzi wako hawakuhitaji zaidi ya kipande cha mkaa na ukuta.

Ukishaanza kufikiri hivi, vidokezo vya lugha vitakujia vyenyewe. Shahidi anasema kwa Kiswahili "saa nne asubuhi", karani anaandika kwa Kiingereza saa 4, na mshukiwa aliyekuwa na watu saa kumi alfajiri anaachiliwa bila sababu. Mtu anayejidai ametoka Mombasa anaomba "mayi" ya kunywa, na sikio linamrudisha Congo.

Sasa tabia ya Holmes. Tangu 2010 waandishi wengi wameshika imani kwamba akili nyingi ni lazima ziambatane na ujeuri. Holmes wako anamkatiza mzee wa miaka 70, hasalimii, anamwita mwenye nyumba mjinga. Kitabuni Holmes hukosa subira, hujisifu, lakini mteja anayetetemeka humkalisha karibu na moto na kumtuliza kwanza. Na kuna sababu ya kiufundi ya kumtaka awe hivyo: mpelelezi asiyesalimia Uganda hapati jibu. Mwangalie katika A Scandal in Bohemia ya 1891. Anataka habari za mwanamke fulani, basi anavaa kama mchunga farasi asiye na kazi, anakwenda kwenye mazizi, anawasaidia wenzake kusugua farasi. Analipwa visenti, kinywaji na tumbaku, na anaondoka na habari zote za mtaa. Mazizi hayo ni steji ya boda. Mvue lile koti jeusi, ambalo kwa jua la Jinja linamtangaza kuwa mwigizaji, mvishe koti chakavu la kung'aa, akae saa mbili chini ya mwembe akisaidia kuosha pikipiki. Watu wa steji wanajua nani alirudi saa ngapi, alipakiwa kutoka wapi, alikuwa amebeba nini. Hiyo ni sehemu nzima ya tamthilia.

Watson wa kwanza alikuwa daktari wa jeshi aliyejeruhiwa Maiwand, Afghanistan, 1880. Waandishi wa 2010 walipata bahati ya kusikitisha: Waingereza walikuwa vitani huko huko tena. Nasi tunayo sawa yake. UPDF, jeshi la Uganda, iliingia Somalia Machi 2007, na Watson wako anaweza kuwa tabibu wa jeshi aliyerudi kutoka Mogadishu. Hilo linakutatulia shida ambayo hukuitaja: kwa nini watu hawa wazungumze Kiswahili mjini Kampala? Katiba imekitambua kuwa lugha rasmi ya pili tangu 2005, lakini masikio mengi ya huku bado yanakisikia kama lugha ya jeshi, na wenye umri mkubwa hukihusisha na amri za usiku. Usilifiche hilo. Mama mwenye duka ajikunje Watson anapofungua mdomo, kisha alegee Holmes anapomsalimu kwa Luganda. Umeeleza watu watatu bila hotuba.

Ndiyo, Watson anaweza kuwa mwanamke. Elementary ya Marekani, iliyodumu kuanzia 2012 hadi 2019 kwa sehemu 154, ilimfanya Joan Watson, daktari mpasuaji aliyeacha kazi, akaajiriwa kumsimamia Holmes asirudie dawa za kulevya. Uraibu huo haukubuniwa Marekani: The Sign of Four inafungua Holmes akijidunga kokeini. Wajapani nao mwaka 2018 waliwafanya wote wawili wanawake katika Miss Sherlock. Sharti ni moja: usiwafanye wachumba. Siku Holmes na Watson wanapoanza kupendana, kesi inakuwa kisingizio cha kuwaweka pamoja.

Kuhusu simu na kamera, umeogopa kitu ambacho ni msaada. Teknolojia haiondoi fumbo, inalisogeza. Zamani swali lilikuwa nani alikuwa wapi. Sasa simu inasema laini ilikuwa wapi, na swali linakuwa nani alikuwa ameishika. Laini husajiliwa kwa kitambulisho cha taifa, lakini wangapi wanatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la dada, mjomba au mwajiri kwa sababu siku ile hawakuwa na kitambulisho? Ukituma pesa kwa simu, jina la aliyesajiliwa hutokea kabla hujaweka namba ya siri. Mwache Holmes aanze kutuma shilingi 500 kwa namba ya mshukiwa, asome jina lililotokea, afute muamala. Kidokezo hicho hakina gharama na kila mtazamaji amekifanya kwa mkono wake mwenyewe. Kamera nayo inahitaji umeme, na umeme unapokatika mtaa mzima, anayejua ratiba ya jenereta ya jirani ndiye mwenye usiku. Usiandike kwamba "kamera ziliharibika" bila sababu. Sababu ndiyo hadithi.

Niseme waziwazi jinsi tamthilia hizi zinavyoharibika, ili usizifuate hadi shimoni. Sherlock yenyewe, kwa maoni yangu, ilipotea msimu wa nne mwaka 2017, dada wa siri wa Holmes alipotokea na kila kesi ikawa juu ya familia yake. Mteja alitoweka. Hadithi nyingi za Conan Doyle huanza na mtu mwenye hofu anayeketi kitini na kueleza shida yake, na kiti kile kikiwa kitupu Holmes anabaki kujichunguza mwenyewe. The ABC Murders ya 2018, John Malkovich akiwa Poirot, ilikosea kwa namna nyingine: ilimpa mpelelezi yule, ambaye Agatha Christie alimwandika kuwa polisi wa zamani wa Ubelgiji, historia mpya ya upadri na jeraha la vita. Malkovich aliigiza vizuri sana, ila umbo la Poirot lilivunjika, maana nidhamu yake ya kuhesabu na kupanga ni ya mtu aliyezoea mafaili ya polisi. Badilisha mahali, jinsia, umri na chombo. Njia ya mpelelezi ya kujua mambo usiiguse.

Zipo njia tatu za kuchagua, nawe umeshika ya kwanza bila kuzipima. Kuna kumhamisha na jina lake, kama Sherlock na Elementary. Faida yake ni kwamba mtu akiona jina anabonyeza. Hasara ni kwamba anangoja Baker Street kila dakika. Kuna kuchukua mifupa na kubadilisha majina yote, kama tamthilia ya Marekani House ya 2004 hadi 2012, ambapo mpelelezi ni daktari, mhalifu ni ugonjwa, na alama iliyobaki ni namba 221B mlangoni, namba ya nyumba ya Holmes. Na kuna njia ya Lupin ya Ufaransa, 2021: Assane Diop, mtoto wa mhamiaji kutoka Senegal, si Arsène Lupin, yule mwizi mstaarabu wa vitabu vya Kifaransa. Ni msomaji wa Lupin. Kitabu alichopewa na baba yake kimekuwa shule yake ya wizi na ya kulipiza dhuluma aliyotendewa baba huyo. Kwa klabu ya shule ningechukua njia ya pili na punje ya tatu: mpe shujaa wako jina la hapa, halafu nakala chakavu ya Holmes kutoka maktaba ya shule ikae rafuni kwake. Jina la "Shaloki" ulilompa kwenye rasimu liondoe. Jina hilo linachekesha, na umeandika kitu ambacho hakitaki kuchekwa.

Kwenye upigaji picha, usifuate urefu wa BBC. Sehemu zao ni za dakika 90 hivi, tatu kwa msimu, na zinakula pesa. Jipangie dakika 25, yaani takribani kurasa 25 za skripti. Ndani yake weka mteja mmoja, washukiwa watatu, mahali pawili au patatu, vidokezo vinne. Kila kidokezo kionekane mara mbili: mara ya kwanza kwa sekunde tatu au nne, huku watu wakizungumza jambo jingine linalovuta sikio, mara ya pili wakati wa kufumbua. Makosa ya wanaoanza ni kukipa kidokezo muziki mara ya kwanza, na mtazamaji akajua papo hapo. Maneno yanayoelea hewani yalikuwa ugunduzi mzuri wa BBC, yaliwaepusha kupiga picha skrini ya simu kila mara. Wewe utatazamwa kwenye simu ndogo, au kwenye kibanda ambako vijei anazungumza juu ya picha. Maneno hayo hayatasomeka. Ukilazimika, yasizidi manne kwa pamoja. Tegemea kitu chenyewe, karibu, kwa mwanga wa pembeni ili mikwaruzo itoe kivuli. Mikwaruzo usiichore kwenye pikipiki uliyoazimwa. Mwombe fundi kifuniko kibovu cha tundu la ufunguo, kichore hicho.

Na sasa sheria. Conan Doyle alifariki Julai 1930. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya 2006 hulinda kazi katika uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo, kwa hiyo hapa yuko huru zamani. Uingereza alikuwa huru mwisho wa 2000, na Marekani hadithi zake za mwisho zilifunguka tarehe 1 Januari 2023. Hilo lina maana kwako, kwa sababu video ikiwekwa mtandaoni inaonekana nchi zote. Kisicho huru ni kila walichokibuni wengine: Harry anayegeuka Harriet, mazungumzo ya BBC, muziki wao, Joan Watson. Fanya kazi kutoka kwenye maandishi ya Kiingereza ya Conan Doyle, kwani hata tafsiri ina mwenyewe. Christie alifariki Januari 1976: kwa hesabu ya miaka 50 muda unatimia 2026 hapa, lakini Uingereza analindwa hadi mwisho wa 2046, basi Poirot mwache. Bwana Msa naye ana wenyewe, maana mwandishi alifariki 1991. Msome, ujifunze, usimnakili.

Mambo mawili usiyafanye kwa ushauri wa maandishi tu. La kwanza ni sare. Raia haruhusiwi kuvaa mavazi ya UPDF wala yanayofanana nayo, na orodha yake ilitangazwa rasmi mwaka 2019, kofia nyekundu zikiwemo. Mwanafunzi aliyevaa "kiigizo" barabarani anaweza kukamatwa. Mvike Watson nguo za kiraia, jeshi lionekane kwenye mwendo wake na jinsi anavyotandika kitanda. Afisa wa CID pia hana haja ya sare. Ukiona huwezi kuepuka, pata kibali cha maandishi kutoka kwa wahusika kabla ya siku ya kupiga picha, na polisi wa mtaa wajue mnapofanyia kazi.

La pili ni hakimiliki yako mwenyewe na ya watoto. Haki inazaliwa kazi inapoandikwa, lakini usajili unasaidia mtu akikuibia, na hufanywa na URSB, ofisi ya serikali ya usajili. Kabla ya kuuza au kukipa kituo cha televisheni, kaa na mwanasheria wa hakimiliki ana kwa ana, aisome skripti pembeni ya vitabu, na umwulize kama muda wa miaka 50 umerekebishwa. Makao ya URSB yako Kololo, Kampala, kwenye barabara iitwayo Baskerville Avenue, jina ambalo kila msomaji wa Holmes atalitambua kwenye kibao. Nenda na skripti iliyokamilika yenye tarehe, kitambulisho chako, na karatasi za idhini zilizosainiwa na mzazi wa kila mwanafunzi atakayeonekana kwenye picha.